Udaktari si mwisho wa safari: Tunahitaji madaktari wanaotibu na kutafiti



Ndugu msomaji, wiki chache zilizopita alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu, mtu mzima ninayemheshimu kama mama yangu mzazi. Alikuja na malalamiko. Mwanawe wa kwanza amemaliza miaka mitano ya masomo ya udaktari na sasa yuko katika mwaka wa utarajali. Kijana amemwambia kuwa akimaliza hataki kukimbilia ajira hospitalini, anataka kuendelea na masomo mpaka awe daktari mtafiti. Mama amekasirika.

"Mwanangu," aliniambia, "nimekaanga vitumbua miaka yote hii ili asome aje atibu watu. Leo ananiambia anataka kwenda kuhesabu mbu! Wewe ni kaka yake, mmesoma madrasa moja. Kaa naye umrudishe kwenye njia."

Nilimuahidi kuwa nitazungumza naye. Nakiri kuwa siku ile nilikuwa upande wa mama. Mimi ni tabibu, nafanya kazi katika hospitali yenye foleni inayoanza kabla jua halijachomoza, na najua jinsi tunavyohangaika kwa uchache wa madaktari. Nikasema moyoni, huyu kijana kweli anataka kukimbia wagonjwa. Lakini usiku ule nilikumbuka mtoto mmoja niliyemhudumia miaka mingi iliyopita, na mawazo yangu yakabadilika. Makala ya leo ni jibu langu kwa mama yule, na kwa kila mzazi ambaye ana kijana wa namna hiyo nyumbani kwake.

Daktari mtafiti ni nani?

Kwanza tuelewane kuhusu maana. Daktari wa kawaida anamhudumia mgonjwa aliye mbele yake. Anamsikiliza, anampima, anampa dawa, anamfuatilia. Mwanasayansi wa maabara naye anachunguza vimelea, dawa au chembe za mwili, na mara nyingi hamuoni mgonjwa kabisa. Daktari mtafiti amesomea kazi zote mbili. Siku fulani za wiki yuko wodini kama madaktari wengine. Siku nyingine anashughulikia swali moja ambalo wodi imempa: kwa nini wagonjwa wa aina hii wanakufa zaidi kuliko wale? Dawa hii tunayoitumia kila siku inasaidia kweli, au tumezoea tu?

Utauliza, kwa nini kazi hizo zisigawanywe, kila mtu akabaki na yake? Sababu ni kwamba swali zuri la tiba huzaliwa kando ya kitanda cha mgonjwa, na mtu wa maabara hayupo pale. Kwa upande mwingine, daktari aliyepo pale, kama hakufundishwa utafiti, ni rahisi sana kudanganywa na macho yake mwenyewe. Tunampa mgonjwa dawa, anapona, tunasema dawa imemponya. Pengine angepona bila dawa hiyo. Mwingine tunampa dawa ileile, anafariki, tunasema alichelewa kuletwa. Kwa mtindo huo daktari anaweza kufanya kazi miaka 30 na asijue kama dawa yake inafaa au inadhuru.

Wale tuliopita madrasa tunalielewa jambo hili kwa urahisi. Ustadh wetu alitufundisha kuwa habari haipokewi kwa sababu tu aliyeileta ni mtu mwema au ana kilemba kikubwa. Unauliza ameipata kwa nani, huyo naye kwa nani, na je, kumbukumbu yao ilikuwa imara? Katika tiba pia, kauli ya bingwa haitoshi. Unauliza ameyajuaje, aliwahesabu wagonjwa wangapi, na aliwalinganisha na nani.

Wala jambo hili si la jana. Al-Razi, tabibu aliyeongoza hospitali huko Rayy na Baghdad na kufariki karibu mwaka 925, aliandika kitabu cha kutofautisha ndui na surua kutokana na wagonjwa aliowaona mwenyewe. Katika maandishi yake ameeleza pia kuwa aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa waliokuwa na dalili za homa ya ubongo, na wengine akawaacha makusudi bila kuwatoa, ili apate kulinganisha. Ibn al-Nafis, tabibu wa Cairo aliyefariki mwaka 1288, alikuwa pia mwanachuoni wa fiqhi ya Kishafi, madhehebu ambayo watu wengi wa pwani yetu wanaifuata. Huyu alithubutu kumpinga Jalinus, tabibu wa Kiyunani aliyekuwa ameaminiwa kwa zaidi ya miaka 1,000, akaeleza kuwa damu haipenyi kwenye ukuta ulio katikati ya moyo, bali hupitia kwenye mapafu. Watu hawa walitibu, na pia waliuliza.

Karibu na kwetu upo mfano wa Kampala. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago, aliitwa kumuona mtoto mwenye uvimbe wa ajabu katika taya zake zote mbili. Muda mfupi baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, akamuona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna hiyohiyo. Daktari mwingine angetikisa kichwa na kuendelea na kazi. Burkitt akaanza kufuatilia. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari zaidi ya kilometa 15,000, kutoka Uganda kupita Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama wamewahi kuwaona watoto wa aina hiyo. Wakagundua kuwa saratani ile inafuata maeneo yenye joto na mvua nyingi. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakaonyesha kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Angalia, ndugu msomaji, ugunduzi huo ulianzia kwenye wodi ya watoto Kampala, kwa daktari aliyekataa kupita tu.

Mtoto niliyemkumbuka

Sasa nieleze habari ya yule mtoto. Nilihitimu utabibu mwaka 2014 na kituo changu cha kwanza kilikuwa hospitali moja ya wilaya ambayo sitaitaja. Usiku mmoja mwaka uliofuata, bibi mmoja aliletwa na bodaboda akiwa amempakata mjukuu wake wa kiume wa kama miaka mitatu. Mtoto alikuwa na homa, malaria ilionekana kwenye kipimo, viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa upungufu wa damu. Mikono na miguu ilikuwa ya baridi. Ukibonyeza kucha, damu ilikuwa hairudi upesi. Alikuwa akihema kwa nguvu.

Nilifanya kama nilivyofundishwa chuoni na kama mwongozo uliobandikwa ukutani ulivyosema. Nilitia kanula, nikafungulia maji ya dripu yaende kwa kasi, na mfuko nikawa naukamua kwa mkono ili yaingie haraka. Baada ya muda mapigo yalikuwa na nguvu zaidi na mikono ilipata joto kidogo. Nilimwambia bibi, "Bibi, mjukuu wako ameanza kurudi." Akaniombea dua. Damu ya kumuongezea tulikuwa tunaisubiri. Kabla ya alfajiri mtoto alibadilika, kupumua kukawa kwa shida zaidi, akafariki. Bibi alinishukuru kwa kuhangaika, akambeba mjukuu wake akaondoka.

Kwa miaka miwili nilijiambia kuwa nilifanya yote niliyoweza na kuwa mtoto alichelewa kuletwa. Mwaka 2017 tukapewa mafunzo ya mwongozo mpya wa kuhudumia watoto mahututi, na hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kuhusu utafiti uitwao FEAST.

Utafiti uliopindua tulichokijua

Utafiti huu ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania kuanzia mwaka 2009. Aliyeuongoza ni Kathryn Maitland, daktari wa watoto anayefanya kazi Kilifi, pamoja na madaktari wa hapa kwetu, miongoni mwao Sarah Kiguli wa Uganda na George Mtove wa Tanzania. Hospitali zilizoshiriki ni pamoja na ile ya Kilifi, Mulago ya Kampala, na Teule ya Muheza mkoani Tanga. Hizi ni hospitali kama zetu, zenye dripu na oksijeni, ambazo kwa kawaida hazikuwa na mashine za kupumulia watoto.

Swali lao lilikuwa dogo. Mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri, je, ni vyema kumimina maji mengi kwa haraka kwenye mshipa? Vitabu vilisema ndiyo. Hospitali kubwa za nchi tajiri zilikuwa zikifanya hivyo kila siku. Lakini hakuna aliyewahi kulipima swali hilo vya kutosha kwa watoto wa Afrika, wenye malaria na upungufu wa damu, katika wodi zisizo na mashine.

Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza walipewa maji ya chumvi kwa haraka, la pili wakapewa maji yenye protini iitwayo albumini kwa haraka, na la tatu hawakumiminiwa maji hayo ya haraka. Wote waliendelea kupata dawa za malaria au za bakteria, oksijeni, damu kwa aliyehitaji, na maji ya kawaida ya taratibu. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria.

Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama iliona jambo ambalo halikutarajiwa. Katika saa 48, kwenye makundi mawili yaliyomiminiwa maji walifariki watoto 10.6 na 10.5 katika kila 100. Katika kundi ambalo halikumiminiwa walifariki 7.3 katika kila 100. Yaani katika kila watoto 100 tuliodhani tunawaokoa kwa maji yale, watatu zaidi walikufa. Matokeo yalichapishwa mwaka huohuo katika jarida la New England Journal of Medicine.

Lipo jambo moja katika matokeo yale ambalo mpaka leo likinijia hukosa usingizi. Katika saa ya kwanza, watoto waliomiminiwa maji walionekana kuwa na nafuu zaidi. Mzunguko wa damu uliimarika kwa wengi kuliko wenzao. Ndivyo nilivyomuona yule mtoto wangu. Jicho la tabibu liliona saa ya kwanza likafurahi. Hesabu ya siku mbili ndiyo iliyoonyesha ukweli. Daktari mwenye uzoefu mkubwa kiasi gani asingeweza kuiona tofauti ya watoto watatu katika 100 kwa macho tu, kwa sababu katika wodi kama zile watoto wanakufa hata hivyo.

Sijui kama maji niliyomimina mimi ndiyo yaliyomuua mtoto yule. Huenda angefariki vyovyote vile, na uhai na mauti vimo mikononi mwa Mola wetu. Lakini najua kuwa nilimpa kitu ambacho miaka minne kabla yake kilikuwa kimeshapimwa na kuonekana kina madhara, tena katika hospitali ambayo kwa basi mtu anafika siku hiyohiyo.

Tahadhari kwa wazazi: utafiti ule haukuhusu watoto waliokaukiwa maji kwa kuharisha, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Mtoto anayeharisha anahitaji maji, na ORS ndiyo kinga yake ya kwanza nyumbani. Na wala usimkatalie mtoto wako dripu kwa kuwa umesoma makala hii. Mueleze mhudumu wasiwasi wako, umuulize anachompa na sababu yake.

Kwa nini habari ilichelewa?

Utafiti ulitoka mwaka 2011. Mimi nilikuwa mwanafunzi miaka iliyofuata na nilifundishwa yaleyale ya zamani. Kitabu cha mfukoni cha Shirika la Afya Duniani cha huduma za watoto hospitalini kilichotolewa mwaka 2013 bado kilielekeza kumimina maji kwa haraka, na baadhi ya madaktari waliofanya utafiti ule walilalamika hadharani. Mwongozo ulirekebishwa mwaka 2016. Hiyo ni miaka mitano.

Katika hospitali niliyokuwapo hakuna aliyekuwa mvivu wala mwenye roho mbaya. Tatizo ni kuwa hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kusoma utafiti mpya, kuupima ubora wake, na kusimama asubuhi kwenye kikao kusema, "Jamani, mwongozo wetu huu una kasoro, na ushahidi ni huu." Kusoma utafiti nako kuna elimu yake. Makala ya utafiti si gazeti, na mtu asiyefundishwa anaweza kudanganywa na makala mbovu au kuipuuza iliyo nzuri. Daktari mtafiti mmoja katika hospitali ya mkoa anaweza kuzisaidia hospitali zote za wilaya zilizo chini yake. Hiyo ndiyo faida yake ambayo watu hawaioni. Wanadhani anagundua mambo mapya tu, kumbe analinda watu dhidi ya makosa ya zamani pia.

Anaandaliwaje?

Sasa tuangalie gharama, kwani hapa mama yule ana hoja. Kwetu Tanzania kijana husoma udaktari miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Akitaka ubingwa, ni miaka mingine mitatu au zaidi, na hapo huandika tasnifu, ambayo kwa wengi ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kugusa utafiti. Akitaka kuwa mtafiti kamili, anasoma shahada ya uzamivu, miaka mingine mitatu au minne. Aliyeanza chuo akiwa na miaka 20 anaweza kuwa amefikisha 35 ndipo asimame mwenyewe. Katika muda huo wenzake wamejenga, wameoa, wanasomesha wadogo zao.

Marekani waliliona tatizo hili zamani. Mwaka 1964 Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo zilianza kugharamia mpango ambao mwanafunzi anasoma udaktari na uzamivu kwa pamoja, kwa kawaida kwa miaka kama minane, huku akilipiwa ada na kupewa posho ya kujikimu. Pamoja na hayo, mwaka 1979 daktari James Wyngaarden aliandika makala ya kuonya kuwa madaktari watafiti wa Marekani wanaanza kuadimika kama wanyama walio hatarini kutoweka. Vijana walikuwa wanavutwa na kipato cha kutibu. Ikiwa nchi tajiri namna ile ililalamika, sisi tusidhani kuwa watajizalia wenyewe.

Hata hivyo hatuanzi sifuri. Ifakara, mkoani Morogoro, palianzishwa maabara ndogo ya Waswisi mwaka 1957, na leo pana taasisi ya Kitanzania yenye tawi Bagamoyo. Taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, iliundwa mwaka 1979. Kilifi, Wakenya na Waingereza walianza kituo chao mwaka 1989, nacho kimefundisha vijana wengi wa Afrika Mashariki. Matunda yake yanaonekana. Mwaka 2008 Dk. Salim Abdulla wa Ifakara na wenzake walitoa matokeo ya chanjo ya malaria kwa watoto wachanga 340 wa Bagamoyo. Kuanzia mwaka 2009 chanjo hiyo ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba, zikiwamo Bagamoyo na Korogwe kwa upande wetu, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike. Chanjo ya pili ya malaria, iliyopendekezwa mwaka 2023, nayo ilijaribiwa Bagamoyo na Kilifi miongoni mwa sehemu nyingine. Kwa hiyo mama, wale "wanaohesabu mbu" wamefanya kazi kubwa.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema: madaktari wenyewe hawatoshi, unamtoaje mmoja wodini ukamfungie maabara? Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Mimi ni mmoja wa wanaobaki na foleni daktari anapoondoka. Lakini sisemi madaktari wote wawe watafiti. Wengi wabaki kutibu, na hao ndio nguzo. Nasema wachache wenye kipaji na hamu waandaliwe, na wasiondolewe wodini moja kwa moja, kwa sababu wakiondoka kabisa hata maswali yao yatakauka. Na nchi ambayo watu wake wengi ni wagonjwa ndiyo inayoumia zaidi kwa kutumia tiba isiyofaa. Tukiwa na dripu chache na wahudumu wachache, kila kimoja kikitumika vibaya hasara yake ni maradufu.

Wengine wanasema: watafiti wanawafanya wagonjwa wetu kuwa panya wa majaribio. Hofu hii nayo ina msingi, kwani historia ya utafiti duniani ina kurasa za dhulma. Daktari anayetafiti ana vishawishi viwili, cha kumponya mgonjwa na cha kukamilisha idadi ya watu wa utafiti wake. Ndiyo maana mafunzo yake lazima yawe na maadili, na ndiyo maana zipo kamati za maadili zinazopitia kila utafiti kabla haujaanza, na mgonjwa ana haki ya kukataa au kujitoa bila kunyimwa matibabu. Katika utafiti niliousimulia, kwa mtoto aliyekuwa mahututi mzazi aliombwa kwanza ridhaa fupi ya mdomo, na maelezo kamili yakafuata hali ilipotulia. Na kamati huru ndiyo iliyosimamisha kazi ilipoona madhara. Ulinzi bora dhidi ya mtafiti asiye na huruma ni mtafiti ambaye wagonjwa wale ni watu wake, anaijua lugha yao, na kesho atakutana nao sokoni.

Tufanye nini?

Kwanza, hospitali na vyuo viwape madaktari hawa siku maalumu za utafiti ambazo haziliwi na zamu. Daktari anayeambiwa afanye utafiti "akipata nafasi" hatapata nafasi hiyo maisha yake yote.

Pili, wawe na ajira ya kudumu. Wengi sasa wanaishi kwa fedha za miradi kutoka nje, mradi ukifa na mshahara umekufa. Anayelipa ndiye mwenye kuchagua swali, na mfadhili wa mbali hawezi kuyajua maswali yetu yote.

Tatu, utafiti ufundishwe mapema, na usiwe wa madaktari peke yao. Sisi matabibu na wauguzi ndio tunaojaza rejista usiku. Rejista iliyojazwa ovyo inazaa utafiti wa ovyo. Tukifundishwa kwa nini kila namba ina maana, tutakuwa msaada mkubwa.

Nne, wale wanaotoa misaada ya masomo kwa vijana wetu wasiishie kwenye shahada ya kwanza. Tumezoea kumpongeza daktari mpya, kumpiga picha, kisha kumuacha. Kijana mmoja akisaidiwa miaka mitatu ya uzamivu anaweza kuleta manufaa makubwa kuliko tunavyofikiri.

Tano, nawe msomaji, ukiombwa kushiriki utafiti usikimbie na usikubali kwa upofu. Uliza unahusu nini, nani ameuruhusu, una hatari gani, na ukikataa itakuwaje. Mtafiti wa kweli atafurahi kuulizwa.

Mwisho, nilikaa na yule kijana kama nilivyoahidi. Nilimuuliza anataka kutafiti nini. Akaniambia kuwa katika wodi ya watoto anakofanya utarajali ameona watoto wanaoruhusiwa wakiwa wazima, na baada ya wiki chache baadhi yao wanarudi mahututi au habari zinakuja kuwa wamefariki nyumbani. Anataka kujua ni akina nani hao na kwa nini. Nilinyamaza kidogo. Mimi nimewaandikia watoto wa aina hiyo ruhusa ya kwenda nyumbani mara nyingi, na swali hilo sikuwahi kuliuliza.

Mama yangu, nisamehe. Uliniomba nimrudishe kijana kwenye njia, nami nimerudi kwako na ombi la kinyume chake. Mwache asome. Hakuwakimbia wagonjwa. Muombe tu akuahidi kuwa hataiacha wodi, na kuwa kila atakachokigundua atakileta hapa kwetu kwanza, ili tabibu kijana wa zamu ya usiku, aliye peke yake na mtoto mwenye mikono ya baridi, asikae miaka mingine mitano bila kuambiwa.

Wabillahi tawfiq.